Nilidhani umechukua wewe

Wazazi wenzangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwezi uliopita mama mkwe wangu alikaa siku sita bila dawa zake za presha, ndani ya nyumba yenye watu wazima watatu, simu nne na mwandishi mmoja wa habari za afya. Mwandishi huyo ni mimi.

Tunakaa Kizimbani, kule ambako wageni huletwa kila asubuhi kunusa mdalasini na hiliki, nasi tukipishana nao tunakimbilia gari za mjini. Nyumbani tupo mimi, mume wangu ambaye ni fundi umeme, binti yetu wa miaka sita aliyeanza skuli mwaka huu, mdogo wake wa miezi 17, na mama mkwe. Mimi nafanya kazi mjini. Mume wangu hana pahala pamoja, leo yuko Bububu, kesho Fuoni, keshokutwa amepigiwa simu aende Nungwi.

Dawa za mama huchukuliwa kila mwezi. Mwezi ule mume wangu aliamini nitazichukua mimi, kwa kuwa kituo kipo kwenye njia yangu ya kwenda kazini. Mimi niliamini atazichukua yeye, kwa kuwa usiku mmoja alisema, "Nitapita huko." Mama alikunywa kidonge cha mwisho Jumamosi, akakirudisha kipakiti kitupu chini ya mto wake, akanyamaza.

Ijumaa asubuhi alipoinuka kwenda kutia udhu akashika ukuta. Alisema kichwa kizito tu, kitapoa. Hatukukubali, tukampeleka. Kipimo kilisoma 178 kwa 104. Muuguzi akamuuliza, "Bibi, dawa unakunywa?" Mama akanitazama mimi kwanza kabla ya kujibu. Kisha akasema, "Zimekwisha. Lakini wanangu wana shughuli nyingi."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeandika makala nikiwaambia wasomaji kwamba presha mara nyingi haina dalili, na kwamba dawa zake hazikatizwi hata mtu akijiona mzima. Zipo aina ambazo ukiziacha ghafla presha hupanda kwa kasi, na mlango wa kiharusi ukafunguka. Nilikuwa nayajua yote hayo. Kujua hakukumchukulia mama dawa zake.

Alhamdulillahi, alirudishwa kwenye dawa, akapimwa tena na tena, presha ikashuka. Usiku ule mimi na mume wangu tulikaa barazani. Yeye akasema, "Nilidhani umechukua wewe." Nami nikasema maneno hayohayo kwa wakati mmoja. Halafu akaongeza neno ambalo kina mama wengi wanalijua: "Si ungeniambia tu?"

Nilikasirika, sikufichi. Lakini nilipolala nikalifikiria lile neno, nikaona ndani yake ndimo ulimo ugonjwa wa nyumba yetu.

KICHWA CHA MTU MMOJA SI KABATI

"Ungeniambia" maana yake ni kwamba kuna mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye kazi yake ni kukumbuka mambo ya wote, na wengine wanasubiri kuagizwa. Kukumbuka nako ni kazi. Haina jasho, haionekani, wala hakuna anayekushukuru kwa jambo ambalo hukulisahau. Siku unayosahau moja tu, ndiyo inayoonekana.

Nikachukua daftari la binti yangu, nikaandika yote niliyokuwa nimeyabeba kichwani usiku ule. Viatu vya skuli vimebana. Mdogo karibu anatimiza miezi 18, na chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, miezi 9 na tena miezi 18. Umeme umebaki kidogo. Mchango wa skuli. Ada ya chuoni. Gesi. Harusi ya Jumapili na zawadi yake. Kucha za watoto. Fundi wa paa hajarudisha simu. Dawa za mama. Tungule na vitunguu. Yalifika 31.

Wataalamu wa akili wameshalichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kumbukumbu ya papo kwa papo huweza kushika vitu saba hivi, zaidi au pungufu kidogo. Mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, akapitia ushahidi uliokusanyika tangu hapo, akasema hata saba ni vingi, karibu vinne ndiyo kiasi chake. Sasa wewe mama, au wewe baba, unajaribu kushika 31 huku unakaanga samaki, mtoto analia, na simu ya ofisi inaita.

Kwa hiyo kusahau kwetu hakukutokana na kukosa mapenzi kwa wazee wetu. Tulitumia chombo kisichofaa. Kichwa ni cha kufikiria, si kabati la kuhifadhia.

UNGUJA TULIKWISHA KUJARIBU

Wengine watasema haya ya kupanga mambo kwenye simu ni ya wenzetu wa Ulaya. Nataka nikukumbushe kwamba hapa hapa Unguja jambo hili lilipimwa, na matokeo yake yanasomwa duniani.

Kati ya mwaka 2009 na 2010 kulifanywa utafiti ulioitwa Wired Mothers, kwa ushirikiano wa watafiti kutoka Denmark na Wizara ya Afya ya Zanzibar. Vilichaguliwa vituo vya afya 24 na wajawazito 2,550. Katika nusu ya vituo, kina mama walitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kliniki na kuwapa elimu, na walipewa vocha za kuwapigia simu watoa huduma. Wengine waliendelea na utaratibu wa kawaida. Simu zenyewe nyingi wakati huo zilikuwa za kitochi.

Katika kundi lililokumbushwa, wajawazito 44 katika kila 100 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Katika kundi jingine walikuwa 31. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa 60 katika kila 100, dhidi ya 47. Faida hiyo ya kujifungua ilionekana zaidi kwa wakaazi wa mjini kuliko wa shamba, maana ujumbe hauwezi kuwa nauli wala gari ya usiku. Lakini somo liko wazi. Kina mama wale hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa na mambo mengi, na mtu akawasaidia kukumbuka.

Mfano wa pili uko bara, Ifakara, mkoani Morogoro. Kati ya mwaka 2007 na 2008 hospitali ya huko ilikuwa moja ya nane duniani zilizojaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto, Manila na New Delhi. Orodha yenyewe ina mambo 19, tena mepesi: huyu mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio, vifaa vimehesabiwa? Mambo ambayo kila daktari anayajua. Yaliposomwa kwa sauti, mbele ya wote, vifo katika hospitali hizo nane vilishuka kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8.

Kama madaktari wa upasuaji wanahitaji orodha ili wasisahau wanayoyajua, mimi na mume wangu ni nani hata tujitegemee vichwa vitupu?

UBAO NI KITU GANI

Orodha ilitusaidia kuyatoa mambo kichwani, lakini ilikuwa na kasoro moja. Ilikuwa kwenye daftari langu, kwa hiyo bado ilikuwa yangu peke yangu. Tulichohitaji ni orodha inayoonekana na wote, inayosema jambo limefika wapi na liko mikononi mwa nani. Hiyo ndiyo inayoitwa ubao wa kazi.

Asili yake ni kiwandani. Huko Japani, kampuni ya magari ya Toyota ilitumia kadi zilizoitwa kanban ili kila sehemu ya kiwanda ijue nini kinahitajika na lini. Mhandisi wake, Taiichi Ohno, alichota fikra hiyo kwenye maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu ikipungukiwa ndipo bidhaa huongezwa, haisubiriwi iwe tupu. Kumbuka jambo hilo la rafu, nitalirudia kwenye dawa.

Kwenye simu, ubao ni kurasa zilizosimama kama nguzo. Kila jambo ni kadi. Kadi inasukumwa kwa kidole kutoka nguzo moja kwenda nyingine mpaka ifike mwisho. Ziko programu kadhaa za namna hii. Sisi tulitumia Trello, iliyoanza mwaka 2011, na toleo lake la bure linatutosha. Anayetaka kitu chepesi zaidi anaweza kutumia Google Keep, ambayo ni orodha ya kutia alama badala ya nguzo, nayo huweza kutazamwa na watu wawili. Kundi la WhatsApp peke yake halikutufaa. Ujumbe wa dawa ulizama chini ya picha za harusi na salamu za asubuhi njema.

TULIVYOUTENGENEZA

Kazi yote ilichukua dakika 20. Mume wangu akapakua programu kwenye simu yake, mimi kwenye yangu, tukaungana kwenye ubao mmoja. Tukaupa nguzo nne, tena kwa maneno yetu wenyewe.

Ya kwanza ni Yanayokuja. Humu mnaingia kila kitu, bila kuchagua. Likikujia jambo ukiwa ndani ya daladala, liandike humo, kisha lisahau.

Ya pili ni Leo. Humu haziruhusiwi zaidi ya kadi tano: mbili zangu, mbili zake, na moja ya atakayewahi. Nitaeleza sababu yake.

Ya tatu ni Tunasubiri. Hii watu wengi hawaifikirii, na kwetu ndiyo iliyoleta nafuu kubwa. Fundi ameahidi kuja Jumatano. Majibu ya kipimo bado. Mwalimu atapiga simu. Mambo haya si ya kufanya leo, lakini yakikosa pahala pa kukaa yanakuzunguka usiku kucha.

Ya nne ni Tayari. Usiione ya mapambo. Mtu anayeshinda nyumbani na watoto, jioni huulizwa "leo umefanya nini?" akakosa la kusema, na hali hajakaa tangu alfajiri. Nguzo hii inasema kwa niaba yake.

Kisha kuna adabu za kuandika kadi. Kadi nzuri huanza na kitendo, ina jina la mtu mmoja, na ina siku. "Dawa za mama" si kadi, hiyo ni wasiwasi. Kadi ni hii: "Kuchukua dawa za presha za mama, baba, Jumatatu asubuhi, uende na kadi yake ya kliniki." Ukiandika majina mawili, umerudi kulekule kwa "nilidhani umechukua wewe."

Na hapa ndipo lile somo la rafu. Tarehe ya kadi ya dawa isiwe siku zinapokwisha. Iwe siku saba kabla. Ukikuta foleni, ukikuta dawa hiyo haipo siku ile, ukiwa na homa wewe mwenyewe, bado una siku za kujigeuza. Kadi hiyo tumeiweka ijirudie kila mwezi. Kadi ya chanjo ya miezi 18 imewekwa wiki mbili kabla, pamoja na ukumbusho wa kutafuta ile kadi ya kliniki ya mtoto, maana kadi hizo zina tabia ya kujificha siku zinapotakiwa.

Kwa wenye wagonjwa wa presha au sukari, wekeni pia kadi moja katika mwezi wa Shaabani: kumuona daktari kabla ya Ramadhani, ili apange saa za dawa au aseme kama kufunga kunafaa. Jambo hili linahitaji muda, wala si la kuulizwa usiku wa kuandama mwezi. Na ikitokea mgonjwa amesahau dozi, asinywe mbili kwa pamoja kufidia. Aulize kwa mhudumu wake wa afya.

TULIPOKOSEA

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda sawa tangu siku ya kwanza.

Wiki ya kwanza nilijaza ubao kwa uchu. Siku ya pili nguzo ya Leo ilikuwa na kadi 14. Jioni tatu tu zilikuwa zimehama, na mimi nikalala nimevunjika moyo kuliko siku za daftari. Ndipo tukaweka ule mpaka wa kadi tano. Ubao haukuongezei saa, siku ni ileile. Unachokupa ni kukulazimisha useme mapema, ukiwa na akili yako, nini hakitafanyika leo. Viatu vya skuli vitangoja Jumamosi. Dawa hazingoji.

Wiki ya pili mume wangu alikuwa hautazami ubao mpaka nimpigie simu nimwambie, "tazama ubao." Kwa hiyo nilikuwa bado ninaagiza, ila sasa kwa kupitia njia ndefu zaidi. Tukakubaliana saa: kila mmoja anautazama mara mbili, baada ya chai ya asubuhi na baada ya Isha. Mara hizo mbili zinatosha. Arifa zote nyingine tumezizima, maana simu inayolia kila dakika tano mtu huzoea kuipuuza, na ikiita kwa jambo la kweli haisikii.

Wiki ya tatu alihamisha kadi ya gesi kwenda Tayari. Nikarudi nyumbani, mtungi mtupu. Kumbe kwake "tayari" ilikuwa ameshampigia muuzaji. Hatukugombana, tukaandika ubaoni juu kabisa: tayari ni pale kitu kilipo ndani ya nyumba. Mtaona ni jambo dogo, lakini ndoa nyingi zimebeba magomvi ya namna hii kwa sababu neno moja lina maana mbili.

Na wiki hiyohiyo mwanangu mdogo alishika simu, akazihamisha kadi nane kwenda Tayari kwa kidole chenye mafuta ya sambusa. Kwa dakika chache familia yetu ilikuwa haina deni lolote duniani.

USIKU WA ALHAMISI

Kila Alhamisi, watoto wakilala, tunakaa na ubao robo saa. Tunaufuta wa zamani, tunatazama wiki ijayo, tunagawana. Tunaanza na afya: nani ana kliniki, dawa zimebaki ngapi, nani amekohoa wiki nzima. Halafu skuli na chuoni. Halafu fedha. Mengine baadaye.

Katika kikao cha kwanza mume wangu alisoma kadi zote kimya, kisha akaniuliza, "Haya yote yalikuwa kichwani mwako?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu. Akachukua simu, akaanza kubandika jina lake kwenye kadi, moja baada ya nyingine. Zilifika 11. Sikuwa nimemwomba hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilidhani mwenzangu haoni kwa sababu hajali. Kweli nyingine ni kwamba mambo yalikuwa hayaonekani, nami sikuwa nimeyaweka mahali pa kuonekana. Simtetei, baba naye anatakiwa ajue watoto wake wanavaa viatu namba ngapi bila kusubiri ubao. Lakini jambo likiandikwa mbele ya wawili, visingizio vinapungua pande zote mbili.

Usingizi nao umekuwa bora. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio dogo la vijana 57. Kabla ya kulala, nusu waliandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya, na nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika yajayo walipata usingizi mapema zaidi kwa dakika tisa hivi. Ni jaribio dogo, tena la vijana wazima, lisibebeshwe mzigo mkubwa. Lakini kila mzazi anayeamka saa nane za usiku kwa kukumbuka mchango wa skuli ataelewa kwa nini.

SIMU ISICHOKIWEZA

Ubao wa simu una mipaka yake, na mtu wa afya akikusifia kitu bila kukutajia mipaka, muulize tena.

Usiweke humo namba za siri, namba za vitambulisho wala picha za nyaraka. Usiweke ugonjwa ambao mwenyewe hajaridhia wengine waujue. Simu ya familia hushikwa na wengi, na siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kwetu imeandikwa "miadi ya mama, Jumanne", inatosha.

Umeme hukatika, chaji huisha, bando nalo huisha tarehe mbaya. Mambo yasiyostahimili kusahauliwa, yaani dawa na chanjo, yawe pia kwenye karatasi ukutani.

Na la mwisho, wazee wetu. Mama mkwe ana simu ya kitochi, anaitumia kupiga na kupokea. Nilipomweleza ubao alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Hayo ni yenu mwanangu. Mimi dawa yangu naijua, nikishaswali alfajiri." Na ni kweli. Yeye hakuwahi kusahau kidonge hata siku moja. Amekifungamanisha na sala, na hakuna kengele ya simu inayoshinda hiyo. Aliyesahau si yeye, tuliosahau ni sisi tulioitwa kuchukua.

Kwa hiyo hatukumbebesha ubao. Tumetundika kalenda ya ukutani karibu na kitanda chake, na kalamu kwa uzi. Kila akinywa anatia alama. Siku ile saba kabla ya dawa kwisha tumeizungushia wino mwekundu. Na tumemwomba jambo moja lililokuwa gumu kwake kuliko yote: asinyamaze. Asituonee huruma kwa shughuli zetu. Mzee anayeficha kipakiti kitupu chini ya mto huwa anatupenda, lakini mapenzi ya namna hiyo yanaweza kumuondoa.

Jumatatu iliyopita nilikuwa jikoni nageuza chapati. Mama akatokea mlangoni na kalenda yake mkononi, kaing'oa ukutani pamoja na uzi wake. Akaniuliza, "Hii nyekundu ni leo. Nani anakwenda?"

Nikafuta mikono, nikafungua simu. Kadi ilikuwa na jina la mwanawe, na ilikuwa imeshahama. Ilikuwa kwenye Tayari tangu saa mbili asubuhi.

"Ameshachukua, mama," nikamwambia.

"Nionyeshe dawa," akasema. "Ubao mimi siujui."

Nikaenda kuzitafuta. Zilikuwa juu ya kabati, kwenye mfuko wa khaki. Akazihesabu zote, akarudi chumbani kutundika kalenda yake.

Wazazi wenzangu, wiki hii jaribuni. Anzeni na kadi tano tu, na ya kwanza iwe ya afya ya mtu asiyeweza kujichukulia mwenyewe, mtoto au mzee. Andikeni jina moja, siku moja. Kisha, kama alivyofanya mama, mkaone kwa macho.

Tukutane wiki ijayo, Inshaallah.